Niombe sasa, au nisubiri data zikamilike?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Mwanza, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta katika chuo kilicho nje ya mkoa. Ninatengeneza programu ya simu ambayo makatibu wa BMU (vikundi vya usimamizi wa uvuvi) wanaitumia kurekodi dagaa wanaofika mwaloni, yaani pale ufukweni wanaposhushwa, badala ya kuandika kwenye daftari, halafu natumia rekodi hizo kukadiria kiasi kinachovuliwa. Nimegundua mikutano mikubwa ya kompyuta ina kikao maalumu cha wanafunzi wa uzamivu, ambako unapangiwa mtaalamu wa kukushauri. Msimamizi wangu anasema nisubiri data zikamilike, kwamba kwenda sasa ni kwenda kutalii. Je, niombe? Nani atalipa? Na mimi si mwongeaji. Nikifika huko nitafanya nini? – Mwanafunzi, Nyakato

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Omba sasa.

Msimamizi wako anasema kweli kuhusu mkutano mkuu, kwa sababu kule makala isiyo na matokeo haipiti. Lakini kikao cha wanafunzi wa uzamivu kina shughuli yake nyingine, na wasimamizi wetu wengi hawakukipitia. Enzi zao mtu alitoka Tanzania kwenda mkutanoni akiwa na makala iliyokubaliwa, au hakwenda kabisa. Usimlaumu kwa hilo.

Kwenye matangazo utakuta kinaitwa Doctoral Consortium au Doctoral Symposium. Huchukua siku moja au mbili, mara nyingi kabla mkutano wenyewe haujafunguliwa. Wanafunzi huwa wachache, kumi hadi ishirini hivi, na pamoja nao hukaa watafiti wakongwe kadhaa ambao wamekwisha kusoma maandiko yenu. Unaeleza kazi yako kwa dakika chache, kisha wanakuhoji kwa muda ambao kwa kawaida ni mrefu kuliko ule uliozungumza. Hakuna alama wala kufaulu na kufeli. Wanatafuta pale ambapo tasnifu yako inaelekea kukwama, ili upajue mapema.

Ndiyo maana kungoja data zikamilike ni kungoja kupita kiasi. Aliyebakiza miezi mitatu kukabidhi tasnifu ataelezwa kasoro ambazo hana tena muda wa kuzirekebisha. Anayefaidi zaidi ni mtu ambaye pendekezo lake limepita, ameonja data kidogo, na bado ana nafasi ya kubadili njia. Huyo ni wewe. (Wapo pia wanaokwenda mwishoni kabisa kwa ajili ya kutafuta kazi, na si vibaya, ila hiyo ni safari nyingine.) Aliye mwaka wa kwanza, ambaye bado anatafuta mada, yeye ndiye ningemwambia asubiri.

Sasa uende wapi? Kabla hujatazama jiji, fungua orodha yako ya marejeo. Makala unazozitegemea zilitolewa kwenye mikutano gani? Huko ndiko waliko watu wanaoweza kukusoma. Kazi yako ina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya watu na simu: katibu wa BMU, mwalo, mazoea ya daftari. Kwa hiyo kuna CHI, mkutano mkubwa kuliko yote wa mambo ya binadamu na kompyuta. Kuna AfriCHI, ndugu yake wa Afrika, ulioanzia Nairobi mwaka 2016 ukafuatia Windhoek mwaka 2018. Na kuna COMPASS wa ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, unaoshughulikia kompyuta na maisha ya jamii zenye kipato kidogo na mazingira yao, ambao mwaka 2019 ulifanyika Accra. Sura ya pili ni ya makadirio, yaani ujifunzaji wa mashine, ambako kompyuta hujifunza kutokana na data. Hapo wa kwanza kwangu ni Deep Learning Indaba, ambayo tangu ilipoanzia Johannesburg mwaka 2017 imezunguka Stellenbosch, Nairobi, Tunis, Accra, Dakar na Kigali. Hufanyika kati ya Agosti na Septemba, na ina mpango wake wa ulezi ambamo mwanafunzi hukutanishwa na mtafiti aliyemtangulia. Haina ukali wa kikao cha uzamivu, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wowote ni mahali pazuri pa kuanzia.

Lazima uchague sura moja. Ukipeleka zote mbili kwenye andiko moja, mtu wa CHI atasema hesabu ni nyingi, na mtu wa mashine atasema mahojiano ni mengi. Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningekwenda na sura ya kwanza, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Neno moja kuhusu matapeli. Ukishaandika makala yako ya kwanza utaanza kupokea barua pepe za mialiko: "Mheshimiwa Profesa, tunakualika uwe mzungumzaji mkuu," mkutano uko kwenye hoteli ya ufukweni, unahusu kompyuta, kilimo, uuguzi na fasihi kwa pamoja, na ada inalipwa kabla ya Ijumaa. Hao futa. Mkutano wa kweli una kamati yenye majina unayoyakuta kwenye marejeo yako, na makala za miaka iliyopita zinapatikana.

Tuje kwenye andiko la maombi, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wetu wengi huangukia. Kwa kawaida hudaiwa kurasa chache, mbili hadi nne, pamoja na barua ya msimamizi na wasifu wako. Andiko nililozoea kulipokea kutoka kwetu huanza na ukurasa mzima kuhusu mchango wa TEHAMA katika maendeleo ya taifa, ukubwa wa Ziwa Victoria, na sera ya uvuvi. Swali la utafiti linajitokeza ukurasa wa tatu, limechoka. Msomaji ana maandiko ya watu wengine kumi mezani. Hatafika huko akiwa na moyo.

Anzia mwaloni. Alfajiri, mitumbwi ya dagaa inarudi, katibu amesimama na daftari la mistari chini ya kwapa, anaandika ndoo. Anaandika ndoo, wala si kilo, na ndoo ya mwalo huu si lazima ilingane na ndoo ya mwalo ule. Tayari una jambo ambalo programu yako imelazimika kuliamua: inapokea ndoo na kuzigeuza kilo yenyewe, au inamlazimisha katibu apime? Kila jibu lina gharama yake, na gharama hiyo anabeba mtu ambaye halipwi kwa kazi hiyo ya ziada.

Kisha kuna mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Ilikuwa karabai, siku hizi ni za sola. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti dagaa kama inavyotakiwa, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Wewe unalijua hili tangu utotoni na nina hakika hukuliandika popote. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtafiti wa Zurich au Pittsburgh anayetazama jedwali lako: kila mwezi, siku kadhaa mfululizo, hakuna kitu. Kwake hizo ni data zilizopotea, na ushauri wake wa kwanza utakuwa uzibe mapengo hayo kwa hesabu. Ukiziba, umeingiza dagaa ambao hawakuvuliwa. Lakini usikimbilie kusema kwamba kila pengo ni sifuri ya kweli, maana yapo mapengo mengine: siku ambayo katibu aliishiwa bando, siku simu ilizima, siku alikwenda msibani Ukerewe na hakuna aliyeshika zamu. Kwenye jedwali yote yanafanana. Programu yako itatofautishaje usiku ambao hapakuvuliwa na usiku ambao hapakuandikwa?

Hilo ni swali la uzamivu. Lina upande wa watu, lina upande wa usanifu, na jibu lake litawafaa watu wanaokusanya data za mvua, za maziwa, za wagonjwa wa zahanati. Ndiyo sababu nimekushauri uende na sura ya kwanza: makadirio ya kiasi kinachovuliwa wapo wengine wanaoyafanya, tena TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wako jirani yako pale Nyegezi na wana miaka mingi katika kazi hiyo, ila suala la pengo ni la kwako.

Matangazo mengi huuliza pia unatarajia kupata nini. Usiandike "kupata uzoefu na kupanua mtandao wa kitaaluma". Kila mtu ameandika hivyo, na haimpi mshauri pa kushika. Andika kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukujibu ndani ya nusu saa. Kwa mfano: "Nina rekodi za mialo miwili na ninaweza kuongeza wa tatu, au nikabaki na miwili nikakaa na makatibu muda mrefu zaidi. Nichague lipi, na nitapoteza nini?" Au: "Nimwombe katibu abonyeze kitufe cha 'leo hawakuvua', au nikisie kutokana na kalenda ya mwezi?" Waandaaji hutumia maswali kama hayo kukupangia mtu. Asiye na swali hupangiwa yeyote aliyebaki.

Barua ya msimamizi haikwepeki, kwa hiyo itakubidi urudi kwake. Usimpelekee kiungo cha tangazo tu, ataona utalii ule ule. Mpelekee rasimu ya kurasa tatu iliyokamilika, umwambie, "Profesa, naomba uisome, na kama inafaa naomba barua." Akiisoma atagundua kuwa umefanya kazi, na hata maombi yakikataliwa atakuwa amekusahihishia sura ya kwanza ya tasnifu. Sijui msimamizi anayekataa mwanafunzi aliyemletea kurasa zilizoandikwa vizuri. Na mhakikishie jambo moja ambalo wengi wao huliogopa bila kulisema: mshauri wa mkutanoni hageuki kuwa msimamizi wa pili. Ukirudi na ushauri unaopingana na wake, usiseme "kule wameniambia nibadilishe". Mwekee mezani kama swali, mlijadili.

Sasa fedha. Vikao vingi vya uzamivu huwapunguzia au kuwasamehe ada ya usajili wale waliochaguliwa, na vingine vina fungu la nauli. Soma tangazo hadi mwisho. Kwa mikutano ya familia ya CHI kuna tuzo ya safari iliyopewa jina la Gary Marsden, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliyefariki mwaka 2013, ambaye alitumia maisha yake kutengeneza teknolojia ya simu kwa watu wa bara hili. Waombaji kama wewe hasa ndio iliyowalenga. Kuna pia kujitolea: mwanafunzi anafanya kazi za mkutano kwa saa kadhaa, kusimama mlangoni, kusaidia kumbini, naye anaingia bila ada. Ukiwa mkimya, kazi hiyo ni neema, kwa sababu watu wanakuja wenyewe kukuuliza kitu. Na usimsahau mwajiri wako. Vyuo vina fungu la mafunzo ya watumishi, lakini mwaka wa fedha unaanza Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Septemba linakuta mezani hakuna kitu, hata kama mkuu wa idara anakupenda.

Uwe mwangalifu na jambo moja: misaada mingi hurejeshwa baada ya safari. Yaani ununue tiketi na ulipie hoteli kwanza, halafu uwasilishe risiti, fedha ije wiki kadhaa baadaye. Kwa mshahara wa mhadhiri msaidizi huo ni mkopo wa SACCOS. Siku ile ile unayopokea barua ya kukubaliwa, waandikie uwaulize kama wanaweza kukununulia tiketi moja kwa moja. Wengi hukubali wakiombwa, wasipoombwa hawakumbuki.

Viza ndiyo inayowaangusha watu zaidi. Mwaka 2018 mkutano wa NeurIPS, wa ujifunzaji wa mashine, ulifanyika Montreal, na watafiti wengi waliokuwa wamealikwa kwenye warsha ya Black in AI, ya watafiti weusi wa akili mnemba, walinyimwa viza za Kanada. Hawakukosa makala wala mialiko. Mwaka uliofuata huko Vancouver kilio kilikuwa hicho hicho. Na kwako gharama huanza kabla hata ya kunyimwa, kwa kuwa ubalozi uko Dar: nauli ya kwenda kwenye mahojiano au alama za vidole, malazi, ada isiyorudishwa, siku za kazi. Halafu unarudi Mwanza kungoja.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi, na najua wapo watakaonipinga: mkutano wa kwanza uwe ule unaofikika bila viza. Sisi wa kanda hii tuna bahati ambayo watu wa Dar hawana. Nairobi unapita Sirari, Kampala unapita Mutukula, Kigali unapita Rusumo, na miji yote mitatu iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Unachohitaji ni pasipoti. Na si mikutano midogo tu inayofika huku: ICLR, mmoja wa mikutano mikubwa kabisa ya ujifunzaji wa mashine duniani, ulifanyika Kigali Mei 2023. Ulikuwa uje Addis Ababa mwaka 2020, korona ikauhamishia mtandaoni. Indaba ya 2025 nayo ilikuwa Kigali. Fuatilia itakakokwenda mikutano ya miaka ijayo. Mmoja ukija Nairobi, basi la usiku linakutosha. CHI iache kwa mwaka wa tatu, ukiwa na kitu cha kuonyesha na muhuri au mihuri kadhaa kwenye pasipoti.

Na kama mwaka huu fedha haikupatikana kabisa? Tafuta ulezi usiohitaji kusafiri. Mfano mzuri uko kwa watu wa kompyuta na lugha: mikutano yao ya ACL ina warsha ya wanafunzi, Student Research Workshop, ambayo hupokea hata mapendekezo ya tasnifu, na humpa mwanafunzi anayeomba mlezi wa kusoma rasimu yake kabla haijawasilishwa rasmi. Unatuma, unasomwa, unarekebisha, yote kwa barua pepe. Kazi yako si ya lugha, isipokuwa ukiamua makatibu warekodi kwa sauti ya Kiswahili au Kisukuma badala ya kuandika, na hilo si wazo baya hata kidogo kwa mtu mwenye mikono iliyolowa maji ya dagaa.

Kuhusu ukimya wako. Kikao cha uzamivu kimetengenezwa kana kwamba walikufikiria wewe: watu ni wachache, zamu yako ipo kwenye ratiba, na waliokaa mbele yako wamekusoma. Shida huwa nje ya chumba, wakati wa chai, kila mtu amesimama na kikombe na kundi lake. Usijaribu kuingia kwenye makundi hayo kwa ujasiri usio nao. Wiki mbili kabla ya safari, chagua watu watatu ambao kazi zao umezisoma kweli, uwaandikie kila mmoja sentensi nne: wewe ni nani, umesoma nini chake, una swali gani, na unaomba dakika kumi na tano siku gani. Mmoja hatajibu. Mwingine atasema atakutafuta. Anayebaki atakupa muda, na ukimya si tatizo unapoketi na mtu mmoja aliyejua unakuja kumuuliza nini.

Uwasilishaji wenyewe ufanyie mazoezi kwa mtu asiye wa kompyuta. Mtafute ofisa uvuvi, umweleze kwa Kiingereza chako kile kile utakachotumia kule. Akikuuliza "kwa hiyo ndoo mnazipimaje?" umefaulu, amekufuata. Akisema "hongera sana," rudi kapunguze slaidi.

Halafu waangalie wanafunzi wenzako. Wanaokwenda huko huwa wamekodolea macho maprofesa, kumbe yule wa Kampala aliyekaa kiti cha pembeni, anayehangaika na daftari za wakulima wa kahawa, ana tatizo lile lile la mapengo na mtaanza kubadilishana rasimu. Profesa atakujibu barua mbili kwa mwaka. Huyu atakujibu usiku huo huo, na miaka michache ijayo mtakuwa mnahakiki makala za watu pamoja.

Ukirudi, mwandikie kila aliyekushauri ndani ya wiki moja, na usiishie kwenye shukrani: mwambie umebadilisha nini kutokana na alichosema, au umeamua kutobadilisha na kwa nini. Watu huwaandikia barua za mapendekezo wanafunzi ambao kazi zao wanazikumbuka.

Limebaki jambo la bango utakalobandika mkutanoni kuonyesha kazi yako. Najua utataka kuweka picha za mwaloni, zinapendeza, na ukurasa mmoja wa daftari la katibu. Barua ya chuo uliyopitisha kwa mkoa na wilaya ilikuruhusu kukusanya data. Usidhani imekuruhusu kuonyesha sura ya mtu na jina lake mbele ya ukumbi wa wageni. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika, na inagusa hata taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Rudi mwaloni kabla ya kuchapa, uwaonyeshe picha zenyewe, uwaulize. Daftari lipige picha majina yakiwa yamefunikwa, maana pale pana madeni ya watu.